Presha ya boila inashuka kila mara? Soma geji kwanza kabla hujashika koki

Kama nyumba unayokaa inapashwa joto kwa maji, yaani kuna boila moja (mtambo unaochemsha maji) na rejeta za ukutani kila chumba, yale mabati yanayotoa joto, ipo siku utaamka unakuta rejeta zote za baridi, boila imewasha taa nyekundu au imeandika herufi na namba za ajabu kwenye kioo chake, na ukicheki geji, kile kipimo cha presha, mshale umelala karibu na sifuri. Tulia. Mara nyingi hapo hakuna kilichokufa, ni maji tu yamepungua ndani na boila imejizima yenyewe isije ikaungua, dakika kumi umeshaongeza maji na joto limerudi. Shida inaanzia hapo hapo sasa. Mtu akishajua kuongeza maji anaona kashakuwa fundi, kila mshale ukishuka anafungua koki, wiki ijayo tena, wiki ijayo tena, na huku mfumo unaliwa na kutu kwa ndani taratibu. Mimi nimefanya huo ujinga msimu mzima wa baridi kwa hiyo sisemi kwa kuwacheka watu.

Kwanza hakikisha mfumo wako ni wa kufungwa. Kama una kitanki kidogo cha maji juu darini chenye boya la kujaza, kama lile la choo, huo ni mfumo wa wazi, unajijaza wenyewe kwa uzito wa maji, mara nyingi hauna hata geji na haya ninayoandika hapa mengi hayakuhusu. Kama huna kitanki hicho na kwenye boila au karibu yake kuna geji ya duara yenye namba 0 mpaka 4, au kioo kinachoonyesha kitu kama 1.3, huo ndo wenyewe, endelea kusoma.

Hiyo presha kazi yake nini

Maji yaliyomo ndani ya boila, mabomba na rejeta ni yale yale siku zote. Siyo ya kuoga wala ya kunywa. Pampu inayasukuma yanapita kwenye boila yanachukua moto, yanaupeleka kwenye rejeta, yanarudi yamepoa, yanaanza upya, na yakishajazwa mara moja yanatakiwa yakae humo miaka. Presha ni ya kuyafikisha mpaka rejeta ya juu kabisa na kubakiza mgandamizo kidogo huko juu ili hewa isipate pa kuingilia. Hesabu yake rahisi, presha inapimwa kwa bar, na bar 1 inainua maji kama mita 10. Kwa hiyo boila ikiwa chini na rejeta ya juu kabisa iko mita 6 juu yake, bar 0.6 inatumika kufika tu, unaongeza 0.3 au 0.5 ya akiba unajikuta kwenye bar 1 hivi. Ndo maana nyumba nyingi za kawaida zinawekwa kati ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi, na kitabu cha boila yako kikisema namba nyingine fuata kitabu usinifuate mimi. Geji nyingine zinasoma psi, hasa mitambo ya Marekani, huko kawaida ya baridi ni kama psi 12 mpaka 15. Bar 1 ni psi 14.5, au kPa 100, usichanganye ukajaza bar 12 ukaogesha nyumba.

Boila ikiwaka presha inapanda na inatakiwa ipande. Maji yakitoka digrii 10 mpaka 80 yanapanuka karibu asilimia 3, kwa hiyo mfumo wenye lita 100 unapata lita 3 za ziada ambazo hazina pa kwenda, na maji hayabanwi kama upepo, ukiyalazimisha yanapasua kitu. Pa kwenda pake ni kwenye tanki la kupanukia. Ni chombo cha chuma, mara nyingi chekundu kama limening'inia ukutani, au bapa kama sahani kubwa kama limefichwa ndani ya boila, na katikati yake kuna mpira uliolitenga pande mbili, huku maji, huku upepo. Maji yakipanuka yanausukuma mpira na upepo unabanwa. Tuseme tanki lako ni la lita 8 lenye upepo wa bar 1, lita 3 zikiingia upepo unabaki na nafasi ya lita 5, na presha inapanda mpaka 2 na kidogo. Hapo salama. Juu ya hapo kuna valvu ya usalama ambayo kwenye boila nyingi za nyumbani inafunguka bar 3 (zile za psi ni 30) na kumwaga maji nje kupitia kibomba cha shaba kinachotoboa ukuta. Hicho kibomba usije ukakiziba hata siku moja, hata kama kinadondosha kinaudhi. Kinadondosha kwa sababu kuna jambo.

Namba moja haitoshi

Hapa ndo penye kiini cha yote. Mtu anauliza "presha yangu ni 1.8, ni sawa?" na hakuna anayeweza kumjibu, kwa sababu 1.8 boila ikiwa inawaka ni safi kabisa na 1.8 asubuhi mfumo umepoa ni maji mengi. Unahitaji namba mbili. Ya kwanza soma asubuhi kabla boila haijawaka, au ukiwa umeizima masaa kadhaa mpaka rejeta ukizishika hazina uvuguvugu wowote. Ya pili soma ikiwa imewaka lisaa limoja hivi na rejeta zote zimeshika moto. Mimi nimebandika karatasi nyembamba kwa selotepu pembeni ya geji, tarehe, namba ya baridi, namba ya moto, kwa penseli. Picha za simu nilijaribu zikapotelea katikati ya picha nyingine elfu, karatasi haipotei.

Ukishakuwa na mistari minne mitano pale ukutani mfumo unaanza kukuambia shida yake wenyewe. Kama namba zote mbili zinashuka pamoja polepole, jana baridi 1.3 moto 1.8, wiki ijayo 1.0 na 1.5, pengo kati yao halibadiliki, basi maji yanatoka mahali, ni liki. Kama pengo lenyewe ni kubwa kupita kiasi, asubuhi 0.9, ikiwaka mshale unapaa mpaka 3, afu kesho yake asubuhi unakuta 0.3, hiyo siyo liki ya bomba, hiyo ni tanki la kupanukia limeishiwa upepo au mpira umepasuka, maji yanakosa pa kupanukia yanatoka kwa valvu ya usalama, yakipoa yanabaki pungufu. Watu wengi wanaongeza maji hapo, yanamwagwa tena, wanaongeza tena, ni kama kujaza ndoo iliyotoboka. Kama presha inapanda yenyewe hata boila ikiwa imezimwa, kuna maji ya bomba yanapenya kuingia. Na kama mshale hausogei kabisa, moto baridi uko pale pale, geji imekufa au kitundu chake kimeziba na tope, igonge taratibu kwa kidole uone kama itaruka.

Mfumo ambao umetoka kujazwa upya au rejeta zimetolewa hewa juzi utashuka kidogo siku za mwanzo, vipovu vya hewa vinajikusanya na kutoka. Huo haumaanishi liki. Ongeza mara moja uangalie tena baada ya wiki.

Kuongeza maji

Zima boila na iache ipoe, nusu saa haitoshi, subiri mpaka bomba linalotoka kwenye boila ulishike bila kuruka. Ukijaza ikiwa ya moto namba utakayoona ni ya uongo, na maji ya baridi ghafla kwenye chuma cha moto siyo kitu cha kukifanyia mzaha.

Tafuta hosi ya kujazia. Kwenye nyumba nyingi ni kamba nene fupi iliyosukwa nyuzi za chuma zinazong'aa, iko chini ya boila au karibu na pale maji ya bomba yanapoingia ndani, inaunganisha laini ya maji ya bomba na bomba la mfumo wa joto, na ina koki kila mwisho. Koki nyingine zina kishikio cha rangi, nyingine zina mfereji tu, yaani mkato mwembamba, unaogeuza kwa bisibisi bapa. Kishikio au mfereji ukilala sambamba na bomba koki iko wazi, ukikata bomba kama msalaba imefungwa. Boila nyingine hazina hosi kabisa, zina kitufe au kiufunguo cha plastiki chini yake, cheki kitabu. Na zipo zenye valvu ya kujijaza zenyewe, hizo unaweza usiguse chochote, ila ubaya wake ni kwamba zinaficha liki, maji yanavuja huku yanajazwa kule na wewe geji unaiona nzuri tu.

Kama hosi ilikuwa imechomolewa irudishe, kaza kwa mkono afu robo mzunguko kwa spana, weka kitambaa chini. Fungua koki ya kwanza yote. Ya pili fungua taratibu, kidogo tu, mpaka usikie maji yanapita, ule mlio wa shiiii kwenye bomba, na jicho lako libaki kwenye geji siyo kwenye koki. Mshale unapanda haraka kuliko unavyotegemea. Ukikaribia 1.2 anza kufunga, usisubiri 1.5 ifike ndo ukimbilie kufunga. Funga zote mbili. Subiri dakika moja uangalie kama mshale umetulia, afu washa boila, bonyeza kitufe cha kuiamsha kama imejifungia, na ikishachemka soma namba ya pili uiandike. Hosi ichomoe ikiwa mfumo wako umeundwa ichomolewe, na weka vifuniko vyake. Siyo urembo, koki moja ikizeeka ikaanza kupitisha maji na hosi bado iko pale, utaamka mfumo uko bar 3 hujui kwa nini.

Mara moja au mbili kwa mwaka ukiongeza hivi hakuna tatizo. Kila mwezi, anza kutafuta. Kila wiki, acha kuongeza utafute leo. Sababu ni kwamba maji mapya yanakuja na hewa ya oksijeni, na oksijeni ndo inayokula chuma cha rejeta. Maji ya zamani yaliyokaa humo yameshamaliza oksijeni yake yamelala, ukiyabadilisha kila mara unalisha kutu. Kutu ya humo inakuwa ungaunga mweusi kama masizi unaotuama chini ya rejeta, unaziba, unaua pampu. Na ile dawa ya kuzuia kutu iliyowekwa na fundi inazidi kuwa nyepesi kila unapoongeza maji.

Ikizidi

Umejaza ukapitiliza, mshale uko 2.5 na boila ni ya baridi. Usiiwashe, maana ikichemka itapita 3. Toa maji kidogo kwa rejeta iliyo karibu, kwa ile screw ya kutolea hewa iliyo pembeni juu, kidogo kidogo huku unaangalia geji. Kama unahitaji kutoa zaidi kuna koki ya kumwagia sehemu ya chini kabisa ya mfumo, unavalisha mpira wa maji unapeleka nje. Maji hayo yanaweza kuwa meusi na yananuka, yasimwagike kwenye zulia la mtu.

Ukishapunguza iangalie siku mbili. Ikipanda yenyewe na hosi bado imeunganishwa, koki zinapitisha, chomoa hosi uone. Hosi ukiichomoa na bado inapanda, na boila yako ndo ile ile inayochemsha maji ya kuoga, basi inawezekana zile sahani za ndani zinapobadilishana joto maji ya kuoga na maji ya rejeta zimetoboka, na maji ya bomba kwa kuwa yana presha kubwa zaidi yanapenya upande wa rejeta. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kutoa hewa kwenye rejeta

Shika rejeta kwa kiganja ikiwa inawaka. Moto chini baridi juu, ni hewa. Moto juu baridi chini katikati, ni tope, na kutoa hewa hakutasaidia kitu. Watu wanachanganya hizi mbili wanashinda wanageuza screw bure.

Kama ni hewa, zima boila na pampu, acha ipoe, anza rejeta za chini umalizie za juu. Weka kitambaa chini ya ile screw ya pembeni juu, ingiza ufunguo wake, geuza kinyume cha saa robo, nusu mzunguko inatosha, usiitoe yote maana kuirudisha maji yakikurukia usoni ni kazi. Utasikia hewa inapumua. Ikianza kutema mate mate afu maji yakaja mfululizo, funga. Ukimaliza nyumba nzima presha lazima itakuwa imeshuka, hewa imetoka nafasi imebaki, kwa hiyo rudi kwenye geji ujaze tena mpaka namba yako. Hii ndo hatua inayosahaulika, mtu anatoa hewa usiku anafurahi anaenda kulala, asubuhi boila imegoma.

Na rejeta ile ile moja ikikusanya hewa kila wiki jiulize inatoka wapi. Ama presha ya baridi iko chini mno huko juu inanyonya, ama kutu inatengeneza gesi ndani kwa ndani.

Kutafuta maji yanaenda wapi

Liki yangu mimi haikuwahi kuacha tone sakafuni, ndo maana nilihangaika. Kila Jumatatu geji 0.6, naongeza mpaka 1.3, Jumatatu tena 0.6. Nilikagua silingi, nilikagua chini ya boila, nilifikia hatua ya kulala sakafuni na tochi kusikiliza kama kuna mlio chini ya vigae. Hamna. Siku nahamisha kabati kupiga rangi ndo nikakuta nyuma yake rejeta ambayo nilikuwa nimeshaisahau, na kwenye nati ndogo iliyo chini ya kishikio cha koki yake kumeganda ukoko mweupe wenye kijani kwenye kingo, mgumu kama mawe ya chumvi, nikiukwangua kwa kucha unamomonyoka. Chini yake unyevu kidogo tu. Maji yalikuwa yanatoka tone tone, lakini bomba likiwa la moto yanakauka hapo hapo kabla hayajadondoka, yanaacha chokaa tu. Nilikaza ile nati robo mzunguko. Robo mzunguko, baada ya miezi mitano ya kuongeza maji. Na rejeta mbili za chini zilikuwa zimeshaanza kuwa baridi katikati, ikabidi fundi aje aoshe mfumo mzima.

Kwa hiyo usitafute dimbwi, tafuta ukoko. Chukua tishu kavu, pitisha kwenye kila nati ya kila koki ya rejeta, kwenye kila jointi unayoiona, na chini ya ile screw ya kutolea hewa, tishu inaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Fanya hivyo mfumo ukiwa baridi, maana zipo liki zinazoonekana bomba likipoa na kusinyaa, likipata moto linapanuka linajiziba. Angalia madoa ya njano kwenye silingi, rangi iliyovimba ukutani, kigae kimoja chenye joto kuliko wenzake. Nenda nje kwenye kile kibomba cha shaba, funga kifuko cha plastiki kwa kukilegeza mdomoni mwa kibomba, kining'inie tu kipokee, usikikaze kikaziba. Asubuhi kikiwa na maji umeshajua, valvu ya usalama inapitisha. Inaweza kuwa ilifunguka siku moja kwa presha kubwa, kipande cha takataka kikakaa kwenye kiti chake, tangu hapo haifungi vizuri. Inabadilishwa, haitibiwi.

Kama bado hujaona kitu kuna jaribio moja zuri la usiku. Boila izimwe kabisa mpaka kwenye umeme, na ipoe. Chini yake kuna koki mbili za mabomba makubwa, la maji yanayokwenda kwenye rejeta na la yanayorudi. Zifunge zote mbili, andika namba ya geji, nenda kalale. Geji nyingi ziko upande wa boila, kwa hiyo asubuhi ikiwa imeshuka, maji yanapotelea ndani ya boila yenyewe au kwenye valvu yake. Ikiwa imebaki pale pale, fungua zile koki taratibu huku unaiangalia. Ikianguka ghafla, mabomba na rejeta ndo zilizopoteza presha usiku. Usithubutu kuwasha boila na hizo koki zimefungwa.

Zipo dawa za kumimina ndani zinaziba liki zenyewe. Mimi siziamini sana. Tundu dogo sana mahali pasipofikika, sawa, jaribu ukishauriwa na fundi. Ila kumimina kabla hata hujatafuta ni uvivu.

Tanki la kupanukia limeisha upepo

Hii inafanana sana na tairi la baiskeli, na valvu yake ni ile ile ya tairi la gari, kifuniko kidogo cheusi unakifungua. Kama tanki liko nje ya boila na unajiamini unaweza kulijaza mwenyewe. Kama liko ndani na lazima ufungue kasha la boila ya gesi, mwachie fundi mwenye leseni, humo kuna gesi na moshi na kasha lenyewe mara nyingi ndo linalozuia moshi usiingie ndani kwako.

Dalili ndogo kabla ya yote, bonyeza kidogo ile pini ya valvu kwa kitu chembamba. Ukitoka upepo, mpira bado mzima umepungukiwa tu. Yakitoka maji, mpira umepasuka, tanki ni la kubadilisha, usipoteze muda kupampu. Kisipotoka kitu kabisa, limeisha upepo, jaribu.

Boila imezimwa, mfumo umepoa. Mwaga maji kwa koki ya chini mpaka geji isome sifuri na uiache koki hiyo wazi. Hili ndo jambo watu wanalikosea, wanapima upepo wa tanki mfumo ukiwa na presha, maji yanausukuma mpira kutoka upande wa pili, kipimo cha tairi kinasoma 1.2 wanasema mbona lipo sawa. Kipimo hicho kinarudia tu presha ya maji. Lazima upande wa maji uwe sifuri. Kisha chukua pampu ya mkono ya baiskeli, kompresa ina haraka mno kwa mpira mdogo kama ule, jaza mpaka namba iliyoandikwa kwenye lebo ya tanki au kitabu, kwa nyumba nyingi iko kati ya bar 0.75 na 1. Maji mengine yatatoka kwenye koki unapojaza, mpira unayafukuza, acha yatoke mpaka yaishe, pima tena, ongeza tena. Funga koki. Sasa jaza maji kwenye mfumo mpaka geji izidi upepo wa tanki kwa 0.2 au 0.3, tanki la 1 mfumo 1.2 au 1.3. Toa hewa. Washa, soma namba ya moto. Pengo likirudi kuwa dogo umemaliza.

Lirudie kulipima kila mwaka boila inapofanyiwa sevisi. Fundi wako akisema sevisi imekamilika muulize tu upepo wa tanki ulikuwa ngapi, akikodoa macho ujue hakupima.

Ukisafiri wakati wa barafu

Boila nyingi zina kinga ya baridi kali, zinajiwasha zenyewe kidogo maji yasigande kwenye mabomba. Lakini boila iliyojifungia kwa presha ndogo haijiwashi, kinga inakuwa haipo, na bomba likiganda likapasuka utalikuta limeshayeyuka limefurisha nyumba. Kwa hiyo siku mbili kabla ya kuondoka, siyo asubuhi ya safari, soma namba ya baridi uone kama imetulia, usizime umeme wa boila, thermostati, kile kifaa cha kupangia joto la nyumba, iache chini badala ya kuizima. Kama kuna mtu anabaki na ufunguo wako mwonyeshe geji, mwonyeshe koki zote mbili, na kwenye ile karatasi ya selotepu mwandikie kwa herufi kubwa namba ya kuanzia kuhofia. Yangu nimeandika 0.8.